Mwendo Nyuma ya Mbao

Mwalimu wa taaluma alianza kunichukia kabla hajanijua, na mimi sikuchelewa kumrudishia. Nilipangiwa Tukuyu kufundisha fizikia, nikitokea Singida, ambako mvua ikinyesha watu wanapigiana simu kupeana habari. Hapa mvua ilinipokea stendi na ilikuwa bado inanyesha nilipofika kwenye nyumba ya mama mmoja mjane aliyenipangisha chumba. Ilikuwa nyumba kubwa ya zamani, imegawanywa katikati kwa ukuta wa mbao zilizopakwa rangi ya mafuta. Upande wangu ulikuwa chumba na kisebule. Upande wa pili aliishi yeye, mwalimu wa taaluma wa shule ileile niliyopangiwa. Mkewe na watoto walikuwa Suma wanaangalia shamba, naye aliwafuata siku alizotaka.

Upande wangu alikuwa ameuzoea kama stoo yake, bila kulipia. Siku ninahamia nilimkuta anatoa magunia ya mkaa na mikungu ya ndizi, mmoja mmoja, huku mimi nimesimama barazani na begi kichwani.

"Shikamoo, mwalimu," nilimwambia.

Hakuitikia. Alinitazama kuanzia viatu. "Ndiyo wewe wa fizikia?"

"Ndiyo mimi."

"Chumba hiki kina unyevu. Waliokutangulia hawakukaa."

"Mimi nitakaa."

"Tutaona," akasema, akaburuta gunia mlangoni kwa makusudi, ili mstari mweusi wa vumbi la mkaa ubaki sakafuni. Niliudeki jioni hiyohiyo. Salamu yangu hakuijibu mpaka leo, na mimi sikumpa nyingine.

Watu wakisikia ugomvi wa wapangaji hudhani ni kelele. Wetu haukuwa na kelele. Ulikuwa wa ndoo yangu kukutwa imesogezwa nje ya bomba na yake kuwekwa chini ya maji. Ulikuwa wa kamba ya nguo, ambayo ghafla ilijaa mashuka yake kila jua lilipochungulia, na jua la Tukuyu halichungulii mara nyingi. Shuleni alinipangia vipindi vya mwisho vya Ijumaa, darasa lenye mabati yanayovuja, halafu akasema mbele ya walimu, "Mwalimu wetu mpya anapenda changamoto." Walicheka. Nilimjibu kwamba changamoto kubwa ni ratiba iliyopangwa na mtu asiyejua hesabu. Hapo hawakucheka, na ndipo nilipojua nimetangaza vita.

Starehe yangu mimi ni umeme mdogo. Wengine wanafuma vitambaa, mimi ninaunga nyaya. Tangu chuoni nimekuwa na sanduku la bati lenye resista, taa ndogo, transista zilizong'olewa kwenye redio mbovu, na chuma cha kuchomelea solda ambacho mpini wake nimeufunga kwa kitambaa. Nikiwa na hasira, nachomelea kitu. Tukuyu nilichomelea sana.

Jirani yangu alilalamika kuhusu moshi wa solda. Alimwambia mama mwenye nyumba kwamba napika sumu. Mama yule, ambaye Kiswahili chake kina Kinyakyusa ndani yake kama chumvi kwenye maharage, alikuja akasimama mlangoni, akanusa.

"Mwanangu, unapika nini?"

"Sipiki, mama. Naunga nyaya. Nataka kutengeneza taa ya njia ya chooni, iwe inawaka yenyewe mtu akipita."

Choo chetu kilikuwa nje, nyuma ya migomba, na ile njia ukungu ukishuka huioni. Mama mwenyewe alikuwa amewahi kuteleza pale akaumia kiuno. Uso wake ulibadilika.

"Taa inamjuaje mtu?"

Nikamwambia nimeagiza sensa, vidude vya kuhisi mtu akisogea, kutoka Kariakoo, zinakuja kwa basi.

"Ndaga fijo," akasema, maana yake asante sana, akaenda zake bila kutaja moshi tena. Kupitia mbao nikamsikia jirani anakohoa, kikohozi cha mtu aliyeshindwa.

Sensa zilipofika nilizimwaga mezani, tano, zimefungwa pamoja kwa mpira. Ni vitu vya bei ya chee, na ukivitazama unajua. Kila moja ni kibodi, yaani kijibao cha saketi, cha kijani kisichozidi kidole cha kati, na upande mmoja una mchirizi wa shaba uliojikunja kama njia ya konokono. Mchirizi huo unatupa mawimbi ya jamii moja na yale ya oveni ya maikrowevu, ila hafifu sana, kisha unasikiliza yanavyorudi. Kitu kikitulia, mawimbi yanarudi vilevile yalivyokwenda. Kikisogea, yanarudi yamebadilika kidogo, na hapo kibodi kinatoa umeme kwenye mguu wake mmoja na taa inawaka kwa muda mfupi. Ni rada, kwa kweli, ndugu mdogo kabisa wa ile ya uwanja wa ndege. Na tofauti na sensa zile za kuhisi joto la mwili, hii haizuiwi na plastiki wala mbao.

Hilo la mbao nililisoma, nikalipita.

Nilizipaka kila moja rangi ya kucha tofauti ili nizitambue, nikaanza kuzijaribu jioni baada ya shule. Zilinidanganya kuliko wanafunzi wa kidato cha pili. Nilizilisha umeme wa betri ya simu ya zamani, zikawa kama walevi: zinawaka, zinazima, hazijui zinachotaka. Zilihitaji nguvu zaidi ya ile. Nikazihamishia kwenye chaja ya simu, taa ikawa haizimi kabisa, nikaja kugundua chaja za bei rahisi zina umeme wenye makelele na sensa inayasikia makelele kama hatua za mtu. Pawabenki nayo iliona sensa inakula kidogo mno, ikadhani haina kazi, ikajizima. Mwishowe nilimwomba fundi pikipiki betri kuukuu, nikaushusha umeme wake kwa kidude cha kupunguzia, na hapo angalau tatu kati ya tano zilitulia. Ya rangi nyekundu iliendelea kuona mashetani. Niliitupa ndani ya sanduku kwa hasira. Ya zambarau ilikufa yenyewe.

Hata hizo tatu zilikuwa na mambo yao. Maji yakitiririka kwenye mfereji wa plastiki wa paa, zinawaka. Jani la mgomba likipepea karibu na dirisha, zinawaka. Ukiweka mbili jirani zinagombana, kila moja inasikia mawimbi ya mwenzake na kuyaita mwizi. Simu ikiita pembeni yake, inawaka. Nilijifunza kuzifunga macho. Bati linarudisha mawimbi, kwa hiyo nilichukua sufuria yangu kubwa, nikailaza ubavu juu ya meza, nikaiweka sensa ndani, mdomo wa sufuria ukielekea ninakotaka itazame. Nyuma na pembeni ikawa kipofu. Nyuma ya kibodi pia kuna nafasi ya kuchomelea resista inayofupisha umbali wake. Nilijaribu resista hii na ile mpaka nikapata sensa inayoona hatua chache tu mbele yake na si zaidi.

Mama mwenye nyumba alikuja kukagua taa yake. Nilimwonyesha. Alitoka nje, nikafunga mlango, akapita barazani, na taa ikawaka ndani.

Alirudi akishika kiuno na kucheka. "Imeniona nyuma ya mlango! Mlango umefungwa!"

"Ni rada, mama. Inapita kwenye mbao."

"Lada!" akasema, maana ulimi wake hauna mahali pa kuiweka ile herufi nyingine. Alipenda neno lile. Alikwenda akilisema njia nzima, na najua alilisema kila mahali, pamoja na upande wa pili wa ukuta.

Wakati huohuo maneno yangu yalikuwa yanatembea bila mimi.

Nina dada mmoja, yuko Singida, na siku nyingi jioni tunaongea kwenye simu. Yeye ndiye tumbo langu, simfichi kitu. Nilimwambia kwamba mkuu wa shule anaongea kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Baada ya muda mfupi mkuu akawa haniitikii vizuri. Nilimwambia dada kwamba darasa langu la Ijumaa lina mwanafunzi ananuka pombe ya ndizi, na sijui nifanyeje bila kumharibia. Kesho yake mwanafunzi yule aliitwa ofisini akachapwa, na mwenyewe akanitazama dirishani kwa macho ambayo sijayasahau. Nilimwambia dada nafikiria kuomba uhamisho. Mkuu akaniita.

"Nasikia umetuchoka, mwalimu."

"Umesikia wapi, mkuu?"

"Shule ndogo hii. Mambo hayafichiki." Alikuwa anapanga kalamu zake kwenye kikombe. "Ukiomba, barua itapita mezani kwangu. Kumbuka hilo."

Nilitoka pale nikihesabu niliowaambia. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote Tukuyu. Wala Mbeya. Nilimfikiria dada, Mungu anisamehe, nikampigia na kumuuliza kwa sauti ambayo hakuistahili.

"Nimwambie nani mimi?" akasema. "Huyo mkuu wako nimjulie wapi? Umeanza kuumwa?"

Jibu nililipata jioni moja ya mvua ya rasharasha. Nilikuwa nimeiacha sensa ndani ya sufuria mezani, mdomo umeelekea ukuta wa mbao kwa sababu tu upande ule haukuwa na dirisha wala mgomba, nikitaka kujua itakaa kimya muda gani. Ilikaa kimya vizuri. Nikampigia dada, tukaanza kuongea, na baada ya maneno machache taa ikawaka. Ikazima. Ikakaa. Ikapepesa tena.

Nilidhani ni simu. Nilikuwa na sababu, maana simu ilishanidanganya hivyo. Nikakata, na baada ya kitambo kidogo taa ikawaka kwa muda mrefu kidogo, kisha ikatulia kabisa.

Jioni iliyofuata niliizima simu. Niliizima kabisa, nikaiweka kitandani chumba cha pili, nikaketi karibu na meza nyuma ya sufuria mahali ambapo sensa hainioni. Halafu nikaanza kuongea peke yangu. "Haloo dada, habari za huko... Sisi wazima... Ee, mvua tu." Nilijiona chizi.

Taa ikawaka.

Niliendelea kuongea huku naitazama. Ikazima, kwa sababu sensa hii haimwoni mtu, inauona mwendo. Mtu akisimama kimya mbele yake ni sawa na kabati. Niliongea habari za bei ya vitunguu, kwa sauti ya kawaida, na taa ikapepesa mara moja, fupi. Nikaelewa. Amehamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Nikanyamaza. Kimya kilivyorefuka, taa ikawaka tena, ikakaa, ikazima, na kupitia mbao nikasikia kitanda chake kikilia upande ule wa mbali wa chumba chake.

Sijui kama nimewahi kuchukia mtu namna ile. Chuki ya ndoo na kamba ya nguo ni kama kikohozi, inapita. Hii ilikaa. Nilikumbuka kila kitu nilichowahi kusema ndani ya kile kisebule: maumivu ya mwezi, marehemu baba, mwanaume fulani wa Dodoma ambaye mambo yetu hayakwenda. Yote alikuwa ameyasikia huyu mtu amesimama na soksi, anahama mguu.

Lakini mimi ni mwalimu wa fizikia. Taa kuwaka si ushahidi wa maneno kusafiri. Nikampigia dada kutoka mtaani, nikamweleza, na jioni tukacheza mchezo. Nilimpigia nikiwa mezani. "Dada, nimepata shule ya watu binafsi Kiwira," nikasema. "Wananihitaji wiki ijayo kwa usaili. Sijamwambia mtu." Taa ilikuwa inawaka kama sikukuu. Hata kuhama miguu alishindwa kujizuia.

"Kiwira kuna baridi?" dada akauliza, akijibana kicheko.

"Kama hapa tu."

Kesho yake haikufika hata mapumziko ya chai. Mkuu wa shule alinisimamisha ukumbini, mbele ya mlango wa maktaba. "Mwalimu, wiki ijayo sitoi ruhusa kwa mtu yeyote kwenda popote. Hata Kiwira." Akaenda zake ameridhika.

Shule ya watu binafsi ya Kiwira haikuwepo. Niliitunga mimi, mezani kwangu, mbele ya sufuria.

Nilikuwa natafuta namna ya kulianza jambo, lakini jirani alinitangulia. Neno lile "lada" lilikuwa limemfikia, na nadhani lilimtisha, na mtu mwenye hatia akitishwa hukimbilia kushtaki. Jumapili baada ya ibada, mama mwenye nyumba alibisha mlangoni kwangu, bado amevaa kitenge chake cha kanisani. Nyuma yake alisimama yeye, na suti, na Biblia chini ya kwapa.

"Mwanangu," mama alianza, hana raha, "mwalimu analalamika. Anasema una mtambo wa kumchungulia chumbani kwake."

"Unapita kwenye mbao," jirani akasema. "Mama mwenyewe ameuona. Mimi ni mtu mzima, nina familia, ni mzee wa kanisa. Siwezi kuvua nguo zangu natazamwa na binti wa watu kwa rada."

Nilishindwa kuzuia kicheko, na hakikuwa kicheko kizuri. "Hautazami, mwalimu. Hauna picha. Unajua kitu kimoja tu: kama kuna kitu kinasogea karibu na ukuta huu. Karibu. Kitanda chako kiko wapi?"

"Hilo halikuhusu."

"Kiko ukuta wa mbali, chini ya dilisha," mama akajibu. "Nyumba yangu naijua."

"Basi, mama, naomba uingie chumbani kwake utembee. Tembea kitandani, tembea mlangoni, jinyooshe, ruka ukitaka. Sisi wawili tutakaa hapa tunaangalia taa."

"Hakuna mtu wa kuingia chumbani kwangu!" jirani akasema, na sauti ilipanda kiasi kwamba mama aligeuka akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Kwa nini?" akamuuliza, taratibu. "Nilikuja juzi kutazama bati linalovuja, hukukataa."

Jirani aliufunika mfuko wa koti kwa mkono. Mama alinyoosha mkono, akapokea ufunguo. Ni mwenye nyumba, na zaidi ya hapo ni mama wa Kinyakyusa aliyezika mume na kulea watoto kwa majani ya chai, hana desturi ya kuomba mara mbili.

Tulibaki wawili. Hakuketi. Nami sikumkaribisha. Tuliisikia sauti ya mama upande wa pili: "Niko kitandani!" Taa imezima. "Niko dilishani!" Taa imezima. Jirani alikuwa anaitazama sufuria kama mtu anayemtazama mbwa asiyefungwa. Kisha hatua za mama zilisogea, na taa ikawaka, ikaendelea kuwaka.

Halafu sauti yake, safari hii haikupiga kelele, na ilisikika wazi mno, kama vile mbao hazipo.

"Mwalimu. Stuli hii inafanya nini hapa ukutani?"

Jirani aliiweka Biblia mezani.

"Na hili kalatasi limechomekwa kwenye mbao, la nini?"

Tulisikia akilivuta. Kwenye ukuta wangu, juu kidogo ya meza, kwenye jicho la mti katika ubao ambalo siku zote nilidhani ni doa la rangi, mwanga ulitokea. Duara dogo la mwanga. Kisha likazibwa, na jicho la mama mwenye nyumba likawa linanitazama.

Nilikuwa nimejiandaa kwa masikio. Sikuwa nimejiandaa kwa tundu. Nilichukua kitenge kilichokuwa kwenye kiti nikajifunika mabega, ingawa nilikuwa nimevaa sweta.

"Nilikuwa nakulinda," jirani akasema hatimaye, akiitazama sakafu. "Binti peke yake, mji mgeni. Mtu mwenye busara anafuatilia. Na mimi ni mwalimu wa taaluma, mwenendo wa walimu ni kazi yangu."

"Toka nje," nikamwambia.

"Usinitolee—"

"Toka nje ya chumba changu."

Alitoka. Biblia aliisahau kwenye meza, na mama ndiye aliyekuja kumchukulia.

Ningependa kusema mama mwenye nyumba alimfukuza siku ile. Hakumfukuza. Alirudi jioni na fundi, akapigilia kipande cha bodi upande wa jirani juu ya lile tundu, akaniambia kwamba jambo la aibu likitoka nje linaoza nyumba nzima. Yule ni mzee wa kanisa. Mkewe ni binti wa ukoo wa mama mwenyewe. "Na wewe, mwanangu, ile lada uiondoe, basi yaishe."

"Siiondoi, mama."

"Mwanangu..."

"Taa ya choo nitakutengenezea kama nilivyokuahidi. Hii ya ukutani siiondoi."

Alitikisa kichwa, hakurudia.

Jumatatu nilikwenda ofisini kwa mkuu. Nilimwambia hakuna shule Kiwira. Nilimweleza jinsi nilivyoitunga, nani aliisikia, na kupitia nini. Alisikiliza, shingo ikijaa damu. Nilidhani atasema neno moja la haki, hata dogo.

"Kwa hiyo," akasema, "umemtegea mtego mkuu wako wa shule."

"Nimemtegea anayenisikiliza ukutani. Wewe umepita tu, mkuu."

"Hapa umenikosea adabu."

"Na yeye amenikosea nini? Kuna tundu. Mama mwenye nyumba ameliona. Nikitoka hapa naweza kwenda ofisi ya elimu wilayani, na naweza kwenda polisi. Nimekuja kwako kwanza ili usije ukasema hukujua."

Alizipanga kalamu zake. Kisha alisema kwamba vipindi vyangu vya Ijumaa vitaangaliwa upya, na kwamba angependa mambo ya nyumbani yabaki nyumbani. Nilikataa kuishia hapo, nikaandika malalamiko wilayani. Walinipokea kwa upole, wakanisikiliza kwa upole, na kwa upole uleule jalada likalala. Kilichotokea ni kwamba baada ya likizo mwalimu wa taaluma hakuwa tena mwalimu wa taaluma. Walisema ameomba kupumzika.

Ukutani mimi nilifanya langu. Niliitoa taa, nikaweka king'ora kidogo, vile vinavyolia kama panya aliyebanwa na mlango. Sensa ikabaki ndani ya sufuria, mdomo ukutani. Kila mtu wa upande ule aliposogelea mbao, hata kwa kufagia, kililia. Alipiga ukuta kwa fimbo ya ufagio, kikalia zaidi, kwa sababu ufagio nao ni mwendo. Alimshtakia mama. Mama alimwambia, nikisikia kwa masikio yangu bila mtambo wowote, "Wewe kaa mbali na ukuta, baba, hakitalia."

Jirani alihama msimu wa mvua kubwa. Kirikuu, kile kigari cha mizigo, kilirudi kinyumenyume hadi barazani, vijana wakapakia godoro, meza na masufuria huku turubai linavuja. Nilisimama mlangoni kwangu nikitazama, mikono nimeikunja, na sikumsaidia hata kwa mwavuli. Dereva, mtu asiyejua lolote, alinisalimia kwa furaha na kuniuliza kama ndio nampoteza jirani. Nilimwambia ndiyo. Jirani alipanda mbele akafunga kioo.

Alipanga karibu na barabara ya Masukulu, na bado tunafundisha shule moja. Upande wa pili wa mbao sasa anaishi muuguzi kutoka Mara, anaimba kwa sauti mbaya na kuniazima chumvi. King'ora nimekiondoa. Bodi lililopigiliwa bado liko, na kwa upande wangu nimeongeza langu.

Dada huniuliza mara moja moja kama nimemsamehe jirani yule. Yeye ni mtu wa kusamehe, ndivyo alivyoumbwa, na simlaumu. Namwambia ukweli: sijamsamehe, na sijaona sababu. Juzi mimi na jirani huyo wa zamani tulipangwa kusimamia mtihani chumba kimoja, yeye mbele, mimi nyuma. Wanafunzi waliandika, mvua ikapiga bati. Ilipofika wakati wa kukusanya karatasi alikuja upande wangu na rundo lake, akasimama karibu kuliko ilivyohitajika, na kwa sauti ya chini akasema, "Mwalimu, yale yaliyopita..."

"Weka karatasi mezani," nikamwambia, "usogee."

Akaziweka. Akasogea.